Asiyekuwepo na Lake Halipo: Tafakuri Kuhusu Siku ya Kura na Kalenda ya Mfugaji

Wahenga walinena kwamba asiyekuwepo na lake halipo. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, na aghalabu tumeifasiri kuwa onyo kwa mtoro na mzembe: ukikosa kuhudhuria, usilalamike mambo yatakapoamuliwa bila wewe. Fasiri hiyo haina kosa, ila ina upungufu. Haimfikirii mtu ambaye hayupo kwa sababu yuko kazini, tena kazi ambayo wale waliopo wanaitegemea kwa chakula chao. Katika makala hii ninakusudia kuiweka methali hiyo kwenye mizani kwa kuitazama siku moja katika kila miaka mitano, nayo ni siku ya uchaguzi mkuu nchini Kenya. Swali ninalolishughulikia limewahi kuulizwa bungeni, mahakamani na vijiweni: je, siku hiyo yafaa ibadilishwe? Nitalitazama nikiwa Leparua, kaunti ya Isiolo, kwetu nilikozaliwa, ambako swali lenyewe huchukua sura nyingine.

Tuanze na sheria. Kifungu cha 101 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinaagiza kwamba uchaguzi wa wabunge ufanyike Jumanne ya pili ya mwezi wa Agosti katika kila mwaka wa tano. Vifungu vingine vinauambatanisha uchaguzi wa Rais, wa magavana na wa mabunge ya kaunti na siku hiyo hiyo, hivi kwamba mpigakura hupokea karatasi sita kwa wakati mmoja. Kwa msomaji aliye kijana, huenda uthabiti huu ukaonekana jambo la kawaida. Haukuwa hivyo. Uchaguzi mkuu ulifanyika Desemba 1969, Oktoba 1974, Novemba 1979, Septemba 1983 na Machi 1988. Chini ya katiba ya zamani, Rais ndiye aliyekuwa na uwezo wa kulivunja Bunge, na Rais Daniel arap Moi aliwahi kuitaja tarehe ya uchaguzi kuwa silaha yake ya siri. Hata chaguzi za vyama vingi za miaka ya 1992, 1997, 2002 na 2007, ambazo zote zilifanyika Desemba, hazikuwa na siku iliyoandikwa katika Katiba. Kuiandika siku hiyo mwaka 2010 kulikuwa kumpokonya mtawala silaha yake. Ninalitanguliza jambo hili kwa makusudi, kwa sababu yeyote anayependekeza tarehe ibadilishwe anagusa kitu kilichopatikana kwa jasho.

Hata hivyo, wino wa Katiba haukuwa umekauka sawasawa pale majaribio ya kuibadilisha yalipoanza. Mwaka 2011 Baraza la Mawaziri liliunga mkono mswada wa kuusogeza uchaguzi hadi Desemba. Mwaka 2012 Mahakama Kuu, na baadaye Mahakama ya Rufaa, zilitoa ufafanuzi kuhusu uchaguzi wa kwanza chini ya Katiba mpya, nao ukafanyika Jumatatu ya tarehe 4 Machi 2013. Agosti iliyoandikwa katika Katiba ikaanza kutumika tarehe 8 Agosti 2017, kisha tarehe 9 Agosti 2022. Katikati ya miaka hiyo wabunge walijaribu tena kuirudisha Desemba, na jaribio hilo halikufaulu.

Ukizipitia hoja ambazo zimekuwa zikitolewa na pande zote mbili, utaona kwamba ni hoja za kalenda. Wapo wanaosema kwamba mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, na kwamba uchaguzi wa Agosti huikuta bajeti ikiwa mbichi. Wapo wanaotaja mihula ya shule, kwa kuwa madarasa ndiyo vituo vya kupigia kura, na mitihani ya kitaifa ambayo huwadia mwishoni mwa mwaka. Wapo wanaoitetea Krismasi isiingiliwe na siasa. Nimewasikia pia wanaowasemea wenye hoteli, kwamba Agosti ndio msimu ambapo watalii humiminika Maasai Mara kuwatazama nyumbu wakivuka mto. Hoja hizi zote zina uzito wake. Lakini nilipoitafakari hii ya mwisho nilistaajabu. Kumbe kuhama kwa nyumbu kunaweza kuwa hoja katika mjadala wa siku ya kura! Kuhama kwa ng'ombe, mbuzi na ngamia, ambako kunakwenda na wapigakura wenyewe, sijapata kukusikia kukitajwa.

Leparua iko upande wa magharibi wa mji wa Isiolo, karibu na hifadhi ya Lewa. Ni eneo la jamii kadhaa za wafugaji, Wamaasai, Wasamburu, Waturkana na Waborana wakiwa miongoni mwao. Kalenda yetu ni ya mvua. Masika hunyesha kati ya Machi na Mei, vuli kati ya Oktoba na Desemba. Katikati ya misimu hiyo, yaani kuanzia Juni hadi Septemba, ni kiangazi. Masika yakiwa mema, nyasi za karibu hudumu hadi Agosti na mifugo hubaki nyumbani. Masika yakikosekana, vijana huwaswaga ng'ombe kwenda mbali, kuelekea Laikipia, miteremko ya Mlima Kenya au popote patakaposikika kuwa na malisho. Nyumbani hubaki wazee, akina mama, watoto, na mbuzi na ng'ombe wachache wa maziwa.

Itakumbukwa kwamba mwezi Februari 2017 serikali ilitangaza ukame kuwa janga la kitaifa, na kwamba ilitangaza hivyo tena mwezi Septemba 2021. Ilipofika Agosti 2022, misimu minne ya mvua ilikuwa imepita mfululizo bila mvua ya kutosha. Hii ina maana kwamba chaguzi zote mbili zilizofanyika Agosti chini ya Katiba mpya zilitukuta katika ukame.

Tarehe 9 Agosti 2022 nilipanga foleni ya kupiga kura nyumbani. Mbele na nyuma yangu walikuwa akina mama waliobeba watoto mgongoni, wazee na fimbo zao, walimu na wenye maduka. Niliwatafuta vijana wa rika langu kwa macho, nikawaona wachache mno. Mdogo wangu, ambaye alikuwa amejiandikisha kwa shauku kubwa na hiyo ingekuwa kura yake ya kwanza, alikuwa na ng'ombe wetu waliosalia, mwendo wa siku tatu kwa miguu. Jioni alipanda kilima kutafuta mtandao, akanipigia simu. Hakuuliza nani anaongoza. Aliuliza kama nyumbani kumenyesha. Nilipomtajia kura, alinijibu kwa upole, "Kaka, ng'ombe hawajui sikukuu."

Jibu hilo limenifikirisha kuliko hotuba nyingi nilizozisikia mwaka ule. Serikali huitangaza siku ya uchaguzi kuwa siku ya mapumziko ili mwajiriwa apate nafasi ya kwenda kituoni. Mchungaji hana mwajiri wa kumpa ruhusa. Akiwaacha ng'ombe siku sita ili aje na arudi, atawakuta wamekufa kwa kiu, wameibwa au wamesambaa. Familia iliyokwisha kupoteza nusu ya mifugo haiwezi kumwomba afanye hivyo, na kwa hakika sisi hatukumwomba.

Uzito wa jambo hili hauonekani katika takwimu. Kitaifa, waliojitokeza kupiga kura walikuwa takriban asilimia 86 mwaka 2013, zaidi ya asilimia 77 mwezi Agosti 2017, na takriban asilimia 65 mwaka 2022. Sidai hata kidogo kwamba ukame ndio ulioishusha asilimia hiyo, kwani sababu za watu kutopiga kura ni nyingi, na kukata tamaa ni mojawapo. Ninachosema ni kwamba asilimia haisemi nani hakuwepo. Kwetu wasiokuwepo si mchanganyiko wa watu wa kila aina. Ni tabaka moja: vijana wa kiume ambao hawakuendelea na masomo. Gavana na mwakilishi wadi wanaochaguliwa siku hiyo ndio watakaoamua kisima kichimbwe wapi, zizi la kuogeshea mifugo lijengwe wapi, na karo ya nani ilipwe. Wanaoyajua malisho na maji kuliko mtu yeyote hawamo miongoni mwa waliowachagua.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna jambo la kuchangia hapa, maana sehemu ya tatizo imo katika maneno. Lugha yetu humwita mfugaji huyu mhamaji, na kazi yake huiita ufugaji wa kuhamahama. Uradidi wa kitenzi katika Kiswahili mara nyingi hubeba maana ya kitendo kisicho na shabaha: kutangatanga, kuyumbayumba, kuzungukazunguka. Anayehamahama basi ni mtu asiye na kwao. Waborana wana msamiati ulio makini zaidi. Wao hutofautisha warra, yaani boma na mifugo inayobaki nalo, na foora, yaani mifugo inayopelekwa mbali pamoja na wachungaji wake. Neno hilo la pili limeenea katika Kiswahili cha kaskazini mwa Kenya kwa umbo la fora. Ukiuliza alipo kijana fulani, utaambiwa yuko fora. Hutaambiwa amehama. Kwao ni pale pale, na atarudi mvua ikinyesha.

Tofauti hiyo ya maneno ina uzito wa kisheria. Sheria ya Uchaguzi ya mwaka 2011 humtaka mtu apige kura katika kituo alichosajiliwa. Anayetaka kupigia kura mahali pengine hupewa nafasi ya kuhamisha usajili wake, mradi afanye hivyo siku zisizopungua 90 kabla ya uchaguzi. Siku 90 kabla ya Jumanne ya pili ya Agosti zinatuangusha mwezi wa Mei, masika yakiwa hayajamalizika. Mwezi wa Mei hakuna mchungaji anayeweza kujua nyasi za Agosti zitakuwa wapi. Na hata angejua, kuhamisha usajili ni kumkana mwakilishi wadi wa kwao ili amchague wa ugenini. Sheria inampa dawa ya aliyehama, ilhali yeye hakuhama; yuko fora.

Hapa ndipo ninapolikumbuka neno kura lenyewe. Tumelipata kutoka Kiarabu, na maana yake ya asili ni ile ya bahati nasibu: vijiti au vikaratasi vinavyochanganywa ili kumpata mmoja bila hila. Lugha ya siasa imelipa neno hili maana ya hiari na uamuzi. Kwa kijana wa Leparua, maana ya kale ingali hai. Masika yakinyesha vizuri, Agosti atakuwa nyumbani na atapiga kura. Yasiponyesha, hatakuwepo. Haki ambayo Katiba imempa bila masharti inategemea mawingu.

Je, dawa ni kuibadilisha siku? Kwa muda mrefu nilidhani hivyo, na wenzangu wengi wa nyumbani wangali wanaamini kwamba Desemba ingetufaa. Vuli ikinyesha, mifugo hurudi na vijana huonekana. Lakini vuli hiyo hiyo hukata barabara. Mwezi Desemba 1997, mvua za El Niño zikiwa zimepamba moto, upigaji kura uliongezewa siku moja kwa sababu vifaa na watu havikufika kwa wakati. Mwezi Novemba 2023 mafuriko yaliikata barabara kuu ya Garissa, na sehemu nyingi za kaskazini zikageuka visiwa. Kijana angekuwa nyumbani, ila sanduku la kura lisingemfikia. Aidha, Kenya si Isiolo peke yake. Agosti ambayo kwetu ni vumbi, Kitale ni mvua na mahindi yangali shambani. Huko Pwani ni wakati wa kusi. Mwezi unaomfaa mkulima wa bonde la ufa unaweza usimfae mvuvi wa Lamu, na unaomfaa mvuvi usimfae mchungaji. Kila tarehe ina watu wake wasiokuwepo. Kuibadilisha ni kuuhamisha ukosefu kutoka mlango mmoja hadi mwingine.

Hata siku ya juma si tukio la bahati. Marekani ilipopanga mwaka 1845 kuwa na siku moja ya kumchagua Rais, ilichagua Jumanne ya baada ya Jumatatu ya kwanza ya Novemba. Mavuno yalikuwa yamekwisha na baridi kali haijaanza. Jumapili ilikuwa ya ibada, Jumatatu ya safari ya farasi hadi mjini, na katika sehemu nyingi Jumatano ilikuwa ya soko. Hiyo ni kalenda ya mkulima iliyogeuzwa kuwa sheria. Kwa jirani zetu wa Tanzania, uchaguzi wa mwaka 2015 ulifanyika Jumapili, na ule wa mwaka 2020 ukafanyika Jumatano. Mwaka 2005 tarehe yenyewe ilisogezwa kutoka 30 Oktoba hadi 14 Desemba baada ya mgombea mwenza wa chama kimoja kufariki. Funzo ninalolipata ni kwamba siku ya kura haikushuka kutoka mbinguni. Hutengenezwa na watu kwa kufuata maisha ya wale wanaokumbukwa wakati wa kuitengeneza.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: siku na ibaki, bali kura ijifunze kutembea. Jambo hili si ndoto, maana dola yenyewe imekwisha kulifanya kwa wengine. Tangu mwaka 2013 Wakenya walioko baadhi ya nchi za nje wamemchagua Rais wakiwa huko huko, na mwaka 2022 nchi hizo zilikuwa 12, zikiwemo Uingereza, Kanada na Qatar. Mwaka 2017 wafungwa walipiga kura ya Rais wakiwa gerezani. Ni kweli kwamba hao wote walisajiliwa mahali walipokuwa, na hilo lilirahisisha kazi. Hata hivyo ni vigumu kumweleza mchungaji kwa nini sanduku la kura huweza kuvuka bahari na kuingia gerezani, lakini likashindwa kufika kisimani.

Pengine msomaji atauliza, nani atajua wachungaji wako wapi? Serikali inajua. Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame hutoa taarifa kila mwezi kwa kila kaunti kame, na mienendo ya mifugo ni sehemu ya taarifa hizo. Maafisa wa chanjo huwafuata ng'ombe waliko. Tena, sensa ya watu hufanyika mwezi huo huo wa Agosti. Usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Agosti 2019, kila mtu alihesabiwa pale alipolala, akiwemo aliyelala fora. Ikiwa taifa lina uwezo wa kumkuta mchungaji ili kumhesabu, haliwezi kusema kwamba halina uwezo wa kumkuta ili kumsikiliza.

Sheria nayo haimkatazi mtu kufikiri hivi. Kifungu cha 83 cha Katiba kinaagiza kwamba mipango ya usajili na ya uchaguzi iandaliwe kwa namna ya kumwezesha raia kupiga kura, wala si ya kumnyima haki hiyo. Kifungu cha 260, kinapofafanua jamii zilizotengwa, kinawataja wafugaji, wakiwemo wanaohama. Kanuni za uchaguzi za mwaka 2012 zinawahesabu wafugaji miongoni mwa makundi yanayoweza kuandaliwa utaratibu maalumu wa kupiga kura. Maneno yamo, kilichobaki ni vituo. Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka inaweza kuanza na kura ya Rais pekee, kama inavyofanya kwa walioko nje, kwa kuweka vituo vichache kwenye maji na malisho yanayojulikana. Mchungaji aliye ndani ya kaunti yake anaweza kuongezewa na kura ya gavana na ya seneta.

Sipuuzi hofu zilizopo. Mwaka 2017 kuingia kwa wafugaji katika mashamba ya Laikipia kulimwaga damu, na wenyeji wengi waliamini kwamba wanasiasa walikuwa nyuma ya jambo hilo. Kituo cha kura cha wageni karibu na shamba la mtu kinaweza kuwasha moto. Ndiyo maana mchungaji asichague viongozi wa mahali alipo, bali wa kitaifa na wa kwao tu, na ndiyo maana mawakala wa vyama vyote sharti wawepo. Kura ya mapema nayo ina historia yake: kule Zanzibar mwaka 2020 ilipingwa vikali na upinzani, uliohofia kwamba kura zingeongezwa kabla ya siku yenyewe. Namibia, ambayo hutumia vituo vinavyotembea na humruhusu mtu apigie kura popote katika uchaguzi wa Rais, iliishiwa na karatasi katika baadhi ya vituo mwezi Novemba 2024, ikalazimika kuongeza siku. Utaratibu wa aina hii basi wahitaji hesabu nzuri na uaminifu. Lakini ugumu wa kazi haujawahi kuwa sababu ya kuwanyima watu haki. Kama ungekuwa, hata hizo nchi 12 zisingefikiwa.

Methali niliyoanza nayo inaeleza kwa usahihi jinsi dunia inavyomtendea asiyekuwepo. Haituambii kwamba inafanya haki. Wasomi wa Kiswahili tunaweza kuanza na lililo karibu nasi, kwa kulipa neno fora nafasi katika kamusi zetu, ili mtunga sheria anayeandika kwa lugha ya taifa awe na jina la mtu aliye mbali na kwao bila kuwa amehama. Mengine ni ya Bunge na ya tume. Kwa mujibu wa Katiba, uchaguzi ujao utakuwa Jumanne ya tarehe 10 Agosti 2027. Masika ya mwaka huo yatakuwaje, hakuna ajuaye. Vituo vya fora, hata hivyo, havihitaji kusubiri mvua. Vyahitaji kupangwa kabla ya masika hayo kufika.